Nilifunga utepe mwekundu kwenye kahawa ya Mjerumani kule Mgeta, nikampoteza nyigu niliyekuwa namtafuta

Wakuu, heshima kwenu wote, poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuandika mara tano nikaufuta. Safari hii sirudii kusoma, nabonyeza tu, kwa hiyo makosa mtanivumilia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina ya watu.

Mimi ni mhitimu wa ikolojia, naishi Morogoro mjini. Nilipomaliza chuo, mwalimu wangu mmoja, tumwite Dokta, alinichukua nimsaidie utafiti wa nyigu.

Sio wale wa kwenye dari wanaouma. Hawa ni wadogo kuliko punje ya ufuta na hawana habari na binadamu. Jike anatafuta mayai ya mdudu mharibifu, anayatoboa na kutaga humo ndani. Mtoto wa nyigu anakula kilichomo, anakulia humo humo, halafu anatoboa tundu anatoka. Mdudu mharibifu hazaliwi, na mkulima hajapiga dawa hata tone.

Siku moja Dokta akanionyesha picha kwenye kompyuta yake. Nyigu mmoja amegundishwa kwenye kikaratasi, yuko kwenye makumbusho huko Ujerumani. Lebo imeandikwa kwa wino: ametoka Uluguru, kwenye mayai ya kunguni wa kahawa, yule mdudu anayefyonza buni. Chini yake kuna jina la Mjerumani aliyempeleka, enzi hizo wao ndio watawala hapa.

"Baada ya huyu sijakutana na mtu aliyemwona tena," Dokta akasema. "Kama bado yupo, tunaweza kumzalisha tukawapa wakulima wa kahawa. Nenda kamtafute. Msimu ukiisha, mradi nao umeisha."

Wakuu, mtanicheka. Nilimtazama yule mdudu aliyekauka nikapata hamu ambayo sijawahi kuipata hata kwa binadamu. Mabawa yake yana vinyweleo pembeni, kama kope.

Nikawa natembea mjini macho yako juu milimani, kwenye ukungu. Nawaza: yuko kule. Au hayuko. Au yuko, ila mimi ndiye nitakayempita.

Nilianzia Mgeta. Kule mboga ndiyo maisha, na mboga zinapigwa dawa kweli kweli, kwa hiyo nyigu hana pa kujificha. Nikauliza kama kuna kahawa ya zamani isiyoguswa. Nikaelekezwa kwa Mzee Kaspari, saa mbili za kupanda kwa miguu kutoka gari linapoishia.

Nilifika kwake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mibuni mirefu, imejaa kuvu, imepandwa enzi ya Mjerumani. Ikizeeka inakatwa, inachipua, inazeeka tena.

Nikamwamkia mzee, nikaeleza shida yangu, nikatoa fomu ya ridhaa. Akasaini bila kuisoma.

"Angalia tu, kijana. Hiyo miti haina kazi."

Mkewe, Bi Yustina, alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Umesoma miaka yote hiyo ili utafute kinachokula yai la kunguni?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mkeo atakula nini?"

"Sijaoa, Bibi."

"Ndiyo sababu."

Nilipomwonyesha ile picha kwenye simu, aliacha kucheka. Akasema babu yake, baba wa mama yake, alikuwa akimbebea Mjerumani mmoja sanduku la bati na chupa. Mjerumani alikaa chini na kuandika, babu ndiye aliyekwea miti na kupindua majani. Kijijini wakamwita Mzee Chupa hadi anazikwa.

"Sasa hapo kwenye karatasi jina lake limo?"

Wakuu, nilishindwa kumwambia halimo. Nikasema picha ina ukungu.

Picha haikuwa na ukungu.

Siku ya tatu nikaona dalili yake. Kunguni wa kahawa anataga chini ya jani, mayai meupe kama maziwa, yamepangwa vizuri. Yakishaingiliwa na nyigu yanageuka meusi. Nilipindua jani moja, meusi. La pili, meusi. Nilipata majani saba. Nilikaa kwenye tope nikalia, sioni aibu kusema.

Maelekezo ya Dokta yalikuwa mepesi: chukua nusu, acha nusu.

Nami nikaanza kuwaza. Nikiyachuma, jani litakauka. Njiani gari litayatikisa. Nikishuka bondeni Mlali joto litayakuta kwenye chupa. Je kama ndio wa mwisho duniani na mimi ndiye nitakayewaua? Nikaamua nisiguse kitu. Nitashuka, niazime kikasha cha baridi pale chuo, nirudi. Ili nisipoteze matawi, nikayafunga utepe mwekundu.

Kupata kile kikasha kulinichukua siku nane.

Siku ya tisa nafika, sioni mibuni. Naona anga. Miti yote imekatwa usawa wa goti, matawi yamerundikwa pembeni, na katikati ya visiki kuna matuta mapya. Mzee nisiyemjua ameegemea jembe.

"Shikamoo mzee."

"Wewe ndiye mpimaji?"

"Hapana, mzee. Mimi ni wa wadudu."

"Mdudu gani anafungiwa utepe?"

Huyo alikuwa Mzee Pius, kaka yake Bi Yustina. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mtoto yeyote wa Mgeta angeniambia, kama ningeuliza.

Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba lile ni la ukoo wa Bi Yustina, na msemaji wake ni kaka mtu. Mzee Kaspari alikuja pale kwa kuoa. Mimi na shahada yangu nimeingia, nikamwona mwanaume kakaa kwenye kiti, nikampa kalamu.

Mzee Pius akasikia shemeji yake amesaini karatasi ya mgeni kutoka mjini. Amekuja kuangalia, anakuta utepe mwekundu kwenye miti ya ukoo. Nanyi mnajua rangi nyekundu ikiwekwa kwenye nyumba au kwenye mti maana yake nini: eneo limepimwa, linachukuliwa. Akaona shamba limeuzwa. Na shamba likionekana pori ndilo linalochukuliwa kwanza, kwa hiyo akafyeka na kulima, yeyote atakayekuja akute lina mwenyewe.

Aliilinda ardhi ya dada yake. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile.

Nikapiga magoti kwenye lile rundo. Nikakuta utepe mmoja bado umefungwa, jani limejikunja. Nikalifungua polepole. Mayai kumi na mawili, na kila moja lina tundu dogo la duara.

Walishatoka. Alikuwepo, wakuu! Siku chache nyuma alikuwa hai, anatembea juu ya jani hilo, na mimi niko mjini nafuatilia kikasha. Ganda tupu halithibitishi kuwa ndiye yule wa kwenye picha.

Niliomba radhi mbele ya wote watatu. Mzee Kaspari alikuwa amenuna, kaitwa mwizi kwa sababu yangu. Nikamwambia na Bi Yustina ukweli: jina la babu yake halimo kwenye lebo. Nilitaka nimpate nyigu mwingine ili lebo mpya iandikwe jina la babu.

Bi Yustina akatikisa kichwa.

"Ungeniambia siku ile ningekuonyesha mti ambao babu alikuwa anapenda kuukwea. Ungeanzia hapo."

Mzee Pius akasema visiki hataving'oa. "Vikichipua, wadudu wako watakuja au wasije. Ila utepe, basi."

Mradi umefungwa. Sasa nauza pembejeo katika duka moja hapa mjini, na wiki hii nimeuza dawa ya kunguni mara tatu. Kila nikikabidhi chupa nawaza majani saba.

Bi Yustina hunipigia simu. Machipukizi yamemfika kiunoni, mayai yameanza kuonekana, lakini yote meupe. Naomba ruhusa kazini, napanda, napindua jani moja moja. Meupe.

Nilichojifunza: kabla hujamuuliza mtu ruhusa, uliza ardhi ni ya nani. Na ukiambiwa chukua nusu, chukua nusu. Woga wangu niliuita uangalifu.

Wataalamu mlioko humu, naomba mnijibu kwa uzito: nyigu wa ukubwa ule, akitoka kwenye yai akakuta mti haupo, anaweza kuruka hadi wapi?

Na wewe ambaye kwenu Uluguru kumebaki kahawa ya zamani isiyopigwa dawa, nakuomba upindue majani. Ukiona mayai meusi usichume, usifunge chochote. Andika hapa chini, na uniambie shamba ni la nani. Nitapanda siku hiyo hiyo.