Karata Inaruhusiwa Kudanganya

Fundi wa meno bandia hakuwahi kukaa kwenye kiti kama watu wengine wakaavyo. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu tangu anapokaa mpaka anaponyanyuka, kanyaga, kanyaga, ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Cherehani. Kazini haikumdhuru. Katika chumba chake nyuma ya kliniki, mguu ulicheza chini ya meza huku vidole vikichonga jino la kauri bila kutikisika, na wateja waliondoka na meno ambayo hata wake zao waliyaamini. Shida ilianza alipoingizwa kwenye briji, mchezo wa karata.

Aliyemwingiza ni mama mkwe wake, mkunga mstaafu. Baba mkwe alipofariki, yule mama alibaki bila mwenza, na briji haichezwi bila mwenza: watu wanne mezani, wawili kwa wawili, wanaotazamana. Mke wa Cherehani akamwambia mumewe, "Nenda wewe. Mimi nikicheza na mama tutagombana." Angesemaje? Mkwe hakataliwi. Alijifunza miezi minne, na kila Jumamosi alasiri wakawa wanapanda ngazi kwenda kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wenye meza sita na feni moja inayolalamika.

Jumamosi moja walikutana na mwalimu wa hesabu, bingwa wa pale, mtu wa kutabasamu kwa nusu ya mdomo. Mwalimu alikuwa ameshinda mnada wa kuahidi kula mizunguko mingi zaidi, na alibakiwa na swali moja: malkia wa shupaza yuko kwa nani, kwa Cherehani au kwa mkwewe? Akacheza ghulamu wa shupaza, kisha akamtazama Cherehani usoni.

Cherehani alikuwa na shupaza moja tu, yenye namba tatu. Aina iliyochezwa lazima ifuatwe, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchagua. Lakini muda uleule lilimjia wazo kwamba hakuzima tanuri la kuchomea meno. Akashika karata, akaiachia, akaishika tena, mguu ukienda mbio. Mwisho akaitupa. Mwalimu akajisemea huyu bwana anajiuliza kama amtoe malkia au amfiche, basi malkia yuko kwake. Akamwacha ghulamu apite, bila kumfunika kwa karata kubwa zaidi. Mama mkwe akamla kwa malkia.

"Mwamuzi!" mwalimu akaita.

Mwamuzi alikuwa mfamasia, dada mpole asiyependa makelele. Akasikiliza, akaitazama ile tatu.

"Kaka, ulikuwa na shupaza moja. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Tanuri."

Meza ya jirani ikacheka. Mfamasia hakucheka. "Karata inaruhusiwa kudanganya," alisema. "Sura hairuhusiwi. Wala kusitasita. Pointi zinarudi kwa mwalimu."

Njiani mama mkwe hakusema neno. Angemfokea, Cherehani angejitetea. Kile kimya kilimwandama wiki nzima. Alipitia kliniki kulikagua tanuri, akalikuta limezimwa. Jumatatu alitengeneza seti ya meno ya juu ikatoka nyembamba, Jumanne akairudia. Alikuwa anatembea huku na huku katika chumba cha hatua nne, akijiuliza swali lilelile. Tanuri lilikuwa kweli, hilo aliapa. Lakini je, mwalimu alipomtazama, hakuuvuta ule muda kidogo zaidi? Hakuonja utamu wa kumwona mtu mzima anahangaika?

Alhamisi alikwenda kwa mama mkwe bila kualikwa. Akamkuta jikoni.

"Shikamoo, mama. Ile siku... tanuri lilikuwa kweli. Lakini nadhani niliongeza kidogo."

"Marahaba. Najua uliongeza." Akakausha mikono. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini, baba. Mtu anayesikia uchungu na mtu anayeongeza, nawatofautisha nikiwa mlangoni. Kaa."

Akaleta karata. Akamfundisha jambo moja tu, mpaka chai ikapoa. Karata za mwenza wa aliyeshinda mnada zikishalazwa wazi mezani, amua palepale utafanya nini kila aina ikichezwa. "Usingoje kuulizwa. Ukishaamua, huna cha kufikiria. Mguu wako ukanyage unavyotaka, lakini mkono uende kwa mwendo mmoja, una mali au huna."

Wiki tano baadaye, mwalimu tena. Safari hii ameahidi kula mizunguko tisa kati ya kumi na mitatu, bila turufu. Mezani zikalazwa uru tano: ree, malkia, ghulamu, kumi, pamoja na tisa. Zaidi ya hizo hapakuwa na karata kubwa pale. Cherehani, ambaye zamu yake ilifuata baada ya karata zile za mezani, alikuwa na uru mbili tu: mfalme na namba mbili. Akazitazama uru zile, akahesabu, akaamua. Moyo ukaanza kumwenda kama mtu aliyeiba.

Mwalimu akacheza uru ndogo, akaagiza malkia wa mezani. Kama Cherehani angemla kwa mfalme, mwalimu angekuwa bado na uru moja ya kurudia pale kuzikomba zote. Cherehani akaweka mbili. Kwa mwendo uleule.

Mwalimu akatabasamu nusu. Kwake yeye mfalme alikuwa kwa mama mkwe. Akaagiza pau ya mezani, akaila kwa kubwa ya mkononi mwake, kisha akacheza uru yake ya mwisho, akaagiza ghulamu. Cherehani akamlaza mfalme juu yake.

 Uru tatu nzuri zilibaki mezani, na mwalimu hana tena njia ya kuzifikia. Alipungukiwa mzunguko mmoja.

"Ulikuwa naye tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mwalimu."

Mwalimu akatikisa kichwa. Safari hii hakumwita mwamuzi.

Cherehani alishuka ngazi akijiona ameongezeka kimo. Barabarani mama mkwe akasimama.

"Kopa yangu je?"

"Kopa gani, mama?"

"Nilikuwa na kopa nzuri, na kwa kuwa sikuwa na pau, nimeitupa kwenye ile pau ya mwalimu! Hukumla malkia, nikadhani mfalme yuko kwa mwalimu, nikasema basi, tumekwisha, kopa haina kazi. Tungemwangusha miwili!"

"Mama, ningekuambiaje? Nikikukonyeza ni wizi."

"Sijasema unikonyeze!" Alikuwa amekasirika kweli, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko. "Marehemu hakunidanganya hata siku moja."

Cherehani hakujua aombe radhi au acheke.  Akaupokea mkoba. Walitembea hivyo mpaka kwenye kona, yule mama akiirudia ile kopa, kumi ya kopa, mara ya tatu, ya nne, na yeye akiitikia, "Ndiyo, mama," huku akili yake ikitafuta, bila kupata, namna ya kumdanganya mmoja na kumwacha mwingine.