Mama Aliyemrekodia Jirani

Juzi nilipigiwa simu kutoka Bujonde, kule Kyela: yule mama mkulima wa kakao amefariki, presha. Ninyi wasomaji wangu hamkumjua, na jina lake sitalitaja, maana lilikwisha kutajwa pasipostahili. Nilimzoea kwa sababu ya mchele, maana alilima na mpunga. Kila nikipita Kyela nilinunua kwake, tukakaa barazani kwake tukipiga soga.

Ni yeye aliyewarekodi kwa simu askari wawili waliomsimamisha jirani yake, dereva wa bodaboda, wakimtuhumu kubeba kakao ya magendo. Walimpiga, kisha wakamfungulia kesi kwamba yeye ndiye aliyempiga askari. Mama hakuwaendea na simu usoni. Alibaki uwanjani kwake, simu kifuani, mkono wa pili mtupu na unaonekana, hakutukana wala kupiga kelele. Walipoondoka, kabla hajaingia ndani, alimtumia nakala dada yake aliyeko Ikombe. "Wangeniambia nishushe simu, ningeshusha," aliniambia. "Video siyo roho." Katikati ya video hiyo picha inazama ghafla, unaona nyasi na vidole vya miguu tu. Mzee mmoja alikuwa anapita, akamsalimu, naye kwa adabu ya Kinyakyusa akainama kabisa kuitikia: "Ena, ndaga," yaani ndiyo, asante. Kofi la kwanza likapotea hapo. Nilipomcheka alinijia juu, "Sasa mwanangu, ningemsimamia mzee kama mlingoti kwa ajili ya simu?"

Yaliyobaki yalitosha. Mikono ya jirani ilionekana kichwani, kesi ikafutwa, naye akampelekea mama mkungu wa ndizi kushukuru. Ndizi hazijaiva, askari wakamwita jirani wakamuuliza nani alirekodi. Akamtaja. "Hata hawakumgusa," mama aliniambia. "Walimnunulia soda." Wakaja wakachukua simu, wakamweka mama kituoni mpaka jioni, na simu hiyo hakuiona tena. Majirani wakaanza kupita mbali na baraza yake, jirani huyo akiwa wa kwanza kubadili njia. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Tunapenda kusema simu zimetupa macho. Ni kweli, lakini nyuma ya simu kuna mtu, na huyo hatumtaki. Video tunaisambaza mpaka Mbeya, mwenyewe tunamwachia askari. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, ila mkulima aende wapi na mashamba yamepakana?

Msibani, jirani yule alishika kipaza sauti akausifu ushujaa wa marehemu, akasifu weee, mpaka wengine wakafuta machozi. Binti wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, hakuinuka. "Ndaga, baba," alisema kwa upole. "Sasa waambie watu ni nani aliyemtaja mama." Yule bwana akarudisha kipaza sauti akaketi. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka.

Rekodini, wasomaji wangu. Simameni mbali, tulieni, msibishane na mwenye bunduki, na nakala itoke mikononi mwenu mapema. Na wewe uliyeokolewa na video ya mwenzako, ukiulizwa ni nani aliyerekodi, hujui. Mama yule hakuhitaji mkungu wa ndizi wala hotuba kaburini. Alihitaji jirani yake aseme neno hilo moja, na hakulisema.