Loki za Mama Mkubwa

"Mama Mkubwa, kwa nini hukai tu ndani kama watu wengine?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimebanwa katikati ya kiti cha pikapu yake. Yeye alikuwa nje, tope limemfika vifundoni. Hakunijibu. Alizunguka mbele ya gari akiburuta mguu, akashikilia boneti, akachuchumaa na kuzungusha kile kidude cha chuma kilicho katikati ya gurudumu. Tak. Kisha akainuka kwa awamu, goti la kulia likiwa la mwisho kukubali.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, na tunaishi kwake. Anabeba maziwa ya wafugaji hadi kituo cha kuyapoza. Njia yake inashuka mtoni, halafu inapanda kilima tunachokiita Sabuni. Ukikiona siku ya mvua, huulizi kwa nini.

Pikapu yenyewe ni ya zamani. Kuvuta gia ya fowili hakutoshi kuyafanya magurudumu yote manne yavute. Ya mbele lazima kwanza yafungwe na loki zake, vile vidude vya katikati, la sivyo yanafuata tu kama wageni. Loki zake ni za mkono. Unasimama, unashuka, unafunga upande huu, unazunguka, unafunga ule. Ukisahau mmoja, ni kama hukushuka kabisa. Ukifika kwenye lami unashuka tena kuzifungua, kwa sababu usukani unakuwa mzito kama unabishana na fahali.

Na goti lake ni bovu tangu alipoteleza akishusha mikebe. Ndiyo maana mjomba, mdogo wake, fundi wa magari mwenye mdomo usio na breki, alimletea zawadi: loki za otomatiki alizozitoa kwenye pikapu iliyofia gereji.

"Dada, kuanzia leo wewe ni bosi. Unavuta gia, unakanyaga mafuta, zinajifunga zenyewe. Ukitaka zifunguke, unarudi rivasi kidogo tu. Hata kiatu hakichafuki!"

Alizipachika huku anaimba. Mama Mkubwa alimshukuru kwa dhati. Zile za zamani akazipaka grisi, akazisokota kwenye kitambaa na kuzisukuma chini ya meza ya jikoni. Mama alipolalamika kwamba jikoni si gereji, alijibiwa, "Kwani zinakula?"

Kiangazi chote hatukuwa na neno. Mvua ya kwanza ikatukuta katikati ya Sabuni. Ukikwama pale unalibembeza gari, mbele, nyuma, mbele, mpaka lipate pa kushika. Lakini kila aliporudi nyuma, loki zilidhani kazi imekwisha, zikajifungua. Alipokwenda mbele, kabla hazijashika tena, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezidi kujichimbia. Tulivutwa na trekta, jua limeshawaka.

Kituoni, mpokeaji alifunua mkebe wa kwanza, akanusa, akaufunika.

"Mama, haya yameshachacha."

"Naona."

"Wafugaji watanilalamikia mimi. Yakichelewa tena kesho, njia hii nampa mwenye gari jipya."

Njia hiyo ndiyo iliyotulisha sote nyumbani. Jioni hiyohiyo akamwita mjomba.

"Zitoe."

"Ah, dada! Mvua moja tu umeshanikataa?"

"Sijakukataa wewe. Nazikataa hizi."

"Na goti je?"

"Goti ni langu. Wewe lete spana."

Alizitoa amenuna, akarudisha zile za chini ya meza, bila wimbo. Lakini asubuhi alikuja bila kuitwa, akajibana mlangoni mwa pikapu kando yangu.

"Nimekuja kukuona ukirudi kwa miguu," alisema.

Chini ya Sabuni gari liliposimama, yeye ndiye aliyewahi kushika kitasa. "Kaa, dada. Nishuke mimi."

"Na kesho utakuwepo?"

Mjomba akaachia kitasa.

"Basi niache nishuke."

Hapo ndipo nilipouliza lile swali langu. Aliporudi ndani, pindo la gauni lilikuwa zito kwa tope. Akavuta gia. Katikati ya kilima tukakwama. Rivasi. Mbele. Rivasi. Mjomba alikuwa anasukuma dashibodi kwa mikono miwili, utadhani inasaidia. Mbele tena, na safari hii magurudumu ya mbele yakang'ata, gari likatikisika, likapanda huku mikebe ikigongana nyuma. Kwenye lami Mama Mkubwa akashuka, akafungua moja, akazunguka, akafungua ya pili. Mjomba akamfungulia mlango kwa ndani.

Mpokeaji alinusa. Akanusa tena.

"Mimina," akasema.

Sasa niko kidato cha tatu. Njia bado ni ya Mama Mkubwa, ila siku hizi kuna fimbo nyuma ya kiti. Mwezi uliopita mvua ilinyesha, akasimamisha gari palepale. Nilifungua mlango nishuke badala yake. Akanitazama tu, nikaufunga. Alishuka na fimbo yake. Tak. Akazunguka. Tak. Aliporudi, nikamkumbusha kwamba kuna swali hajanijibu tangu niko darasa la pili.

"Siku ile sikuwa na pumzi," alisema, akijifuta mikono.

"Na leo?"

Akavuta gia, macho kwenye kilima.

"Hili goti ninajua litaniuma wapi. Zile loki sikujua zitaniacha wapi."