Siku Niliyojilaza Nife

Nilipokuwa mtoto kule Bunju, nilitarajia kufa siku ya Jumamosi, na nilishukuru, maana siku za kazi mama asingepata ruhusa.

Kosa lilikuwa la kidole. Bi Mwanaidi, jirani yetu Mzaramo, alishatuonya watoto wote: ukinyooshea kaburi kidole, king'ate papo hapo, la sivyo kitaoza, na siku ya saba na wewe utakifuata. Basi nikamwona mbuzi akitafuna maua ya plastiki juu ya kaburi, nikamnyooshea kidole, nikacheka, nikasahau kung'ata. Nilikuja kukumbuka siku ya tatu. Niling'ata vidole vyote kumi, lakini moyoni nilijua nimechelewa.

Niliogopa kweli. Nililia chooni ili mdogo wangu asinione. Nilijiuliza, kama Mungu hataki nimalize darasa la tatu, tebo ya saba nimeikariri ya nini?

Jumamosi asubuhi nilivaa gauni la kanisani, nikajilaza mkekani barazani, mikono kifuani. Bi Mwanaidi akapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi," nilisema bila kufumbua macho.

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Nakufa." Nikamsimulia habari ya mbuzi.

Sasa, sisi ni Wanyamwezi, na Mzaramo ni mtani wetu. Msibani kwetu ana haki ya kumcheka hata marehemu. Bi Mwanaidi akakaza kanga kiunoni, akaanza kuomboleza: "Mtani wangu mie! Nani tena atanimalizia viporo? Na jeneza lenyewe mlifanye refu, miguu yote hii!" Akazunguka uani akiniigiza ninavyoburuta ndala. Mama alitoka jikoni, akashika ukuta kwa kicheko. Nilijitahidi kubaki maiti, nikashindwa.

Alipochoka, akaketi kando yangu akihema.

"Bibi, we huogopi kufa?" nilimuuliza.

"Naogopa sana," alisema. "Haya, amka, chai inapoa."

Nilidhani ataniambia habari za peponi. Mahubiri nimeyasikia mengi tangu hapo, na mpaka leo sijui vizuri tumeletwa duniani kufanya nini. Lakini asubuhi ile mtu mzima alikiri mbele yangu kwamba anaogopa, kisha akanipa mkono niinuke. Kifo bado nakiogopa, ila tangu siku ile sijakiogopa peke yangu.