Kitabu Chenye Ukingo wa Manjano

Torab Ali hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu, wala hakuwahi kujisingizia kwamba anajua. Alichokijua ni kingo za vitabu. Katika vichochoro vya soko la Nilkhet, mjini Dhaka, ambako vitabu vimerundikwa hadi darini na mteja hupita kiubavuubavu, kibanda chake kiliuza vitabu vikuukuu vya kompyuta tu. Wanafunzi waliotaka kujifunza lugha ya C, Python au nyingine yoyote walielekezana kwake: nenda kwa mjomba Torab, hao wengine watakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Alikifumba kitabu, akakiinua usawa wa jicho, akautazama ule upande ambao vidole hushika kufunua kurasa.

"Unakiona hiki?" alimwambia kijana mmoja aliyekumbatia kitabu kinene kuliko tofali. "Huku mwanzoni cheusi tii. Hapa katikati, cheupe pe. Watu wamekianza, wamefika hapa, wamechoka. Na wewe utachoka hapahapa."

"Mimi sichoki, mjomba."

"Hata hao walisema hivyohivyo. Chukua hiki chembamba. Kichafu mpaka mwisho, kina hata alama za chai. Kitabu kizuri ni kile ambacho watu wameshindwa kukiacha."

Majirani walimcheka, maana Nilkhet nzima mambo ni kinyume. Pale pembeni Shukur ana mashine ya kukata karatasi, na kila mwenye kibanda humpelekea vitabu vyake vya zamani. Kisu kinashuka, ukingo mchafu unaanguka chini kama maganda, na kitabu cha miaka hiyo kinatoka kama kimechapwa jana. Hata wateja hupeleka vyao wakishanunua. Kukata kingo na kuvalisha jalada la plastiki ndiyo heshima ya kitabu kule, kama unavyompeleka mtoto kinyozi kabla ya Idi. Torab peke yake ndiye aliyekataa. Shukur alimwita mchawi wa uchafu, naye Torab akamjibu kwamba Shukur ni muuaji mwenye leseni, kisha wakanywa chai pamoja.

Sasa huyu mzee alikuwa na binti mmoja tu, Jhinuk. Msichana wa maneno mengi, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusimulia kinachochekesha. Alikosa nafasi chuo kikuu, akalia wiki moja, kisha akasema atajifunza mwenyewe nyumbani, apate kazi katika kampuni ndogo za programu kule Mirpur. Torab alifurahi mno. Miaka yote aliwachagulia vitabu watoto wa watu, na sasa ilikuwa zamu ya wa kwake.

Alimletea kitabu kikubwa cha Kiingereza, kingo zake nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho. Jhinuk akasinzia juu yake.

"Baba, hiki kinaongea na mimi kama askari wa kituoni."

Akakirudisha, akaleta kingine, nacho kikarudi. Ikawa kila jioni mzee anarudi nyumbani na kitabu kwapani na kila asubuhi anaondoka nacho. Mwisho akaleta kijitabu cha kijani cha lugha ya C, kwa Kibangla, kilichoandikwa na mwalimu fulani ambaye hakuna aliyemfahamu, na ambacho hakikuchapwa tena. Jhinuk alikifungua akiwa amesimama mlangoni. Akasoma. Akasema, "Aaa! Kumbe!" Basi, Torab akajua amefika.

Mama yake, Monowara, mikono ilimuuma, kwa hiyo kusaga viungo ilikuwa kazi ya Jhinuk. Akakiegemeza kitabu kwenye debe la mchele, huku anasaga manjano kwenye jiwe, huku anasoma, na kila akitaka kufunua ukurasa hana hata muda wa kufuta kidole. Siku baada ya siku ukingo ukaanza kugeuka rangi.

"Mama, kitabu hicho utakipakua na wali," Torab alimwambia. Wababa wa kule humwita binti mama, kama sisi tu.

"Si wewe unasema kitabu kizuri ni kichafu? Mimi nakipikia kabisa."

Akavuka ile sura ya katikati inayowashinda wengi. Alivuka akiimba.

Kisha mvua za Srabon, mwezi wa masika ya kule, zikaleta mbu, na mbu wakaleta homa ya dengi. Hospitali zilijaa hadi vitanda vikapangwa kwenye korido. Jhinuk naye akaugua, akalazwa. Aliomba aletewe kitabu chake, na baba yake akamjibu apumzike kwanza, kitabu hakina miguu. Hakupumzika, wala hakukisoma. Alikufa asubuhi, mama yake akiwa ameenda kuchota maji, na Torab ameushika mkono ambao kidole gumba bado kilikuwa na umanjano kuzunguka ukucha. Sijui mtu huendeleaje baada ya hapo. Yeye aliendelea kwa sababu kibanda kilihitaji kufunguliwa.

Monowara hakutaka kukiona kitabu kile. "Kiondoe," alisema. "Kinanukia jiko langu wakati yeye hayupo." Torab akakipeleka kibandani, akakiweka chini ya mkeka anaokalia. Wateja wakipungua alikitoa, akakifumba, akakiinua usawa wa jicho. Manjano ilianza ukurasa wa kwanza, ikakolea, ikapita katikati, halafu ikaishia ghafla, kama mtu aliyenyanyuka kwenda kufungua mlango. Hakuwa na kitu kingine cha mwanawe kilichobaki vile alivyokiacha. Nguo za Jhinuk, Monowara alishazifua.

Mwaka uliofuata akaja msichana mmoja kutoka Khulna, Shaila, anayekaa bweni moja huko nyuma ya soko. Alikuwa na mtihani wa C, na kaka yake alishamwambia akifeli tena arudi nyumbani, mchumba yuko tayari. Alisema hayo huku anacheka, lakini macho yalikataa kucheka. Torab akamtolea kitabu hiki, akamtolea na kile. Shaila alivisoma na kuvirudisha, uso umemshuka. Mzee aliponyanyuka kufikia rafu ya juu, mkeka ukasogea, na msichana akakiona kile cha kijani. Akakichukua na kukifungua.

"Aaa!" akasema. "Kumbe!"

Torab akageuka kutoka rafuni.

Shaila, kwa vile mjini kote watu wanamjua mzee kwa mchezo wake, akakifumba kitabu na kukiinua usawa wa jicho. "Lo, mjomba. Huyu naye alichoka hapa. Kumbe si kizuri?"

"Si kizuri," Torab akajibu haraka. "Kiache."

Msichana akakirudisha pole pole, akaaga, akajipenyeza kichochoroni mikono mitupu. Torab akaketi juu ya mkeka, na hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amemsingizia mwanawe. Jhinuk hakuchoka. Tangu lini Jhinuk akachoka? Na wale wengine wote, waliokomea katikati ya vitabu alivyovidharau mbele za watu, nani alimwambia kwamba walichoka? Labda waliugua. Labda waliozwa. Akainuka, akamkimbilia msichana huku akigonga watu mabega, akamkuta kwenye kona ya duka la kalamu.

"Chukua. Nilikosea, ni kizuri. Ndicho kizuri kuliko vyote nilivyo navyo."

"Sasa mbona aliyekuwa nacho alikiachia njiani?"

Torab alifungua mdomo. Angesema neno moja tu, lakini lile neno lilikuwa bado halijamtoka mbele ya mtu yeyote, na watu walikuwa wanapita. "Mambo ya dunia," akasema. "Kitunze tu, mama. Unanisikia? Kitunze sana."

"Nitakitunza, mjomba. Naapa."

Usiku ule hakumwambia mkewe. Lakini alilala, jambo ambalo lilikuwa adimu. Alimwazia msichana yule anaendeleza pale mwenzake alipoishia, na ukingo unazidi kuwa mchafu.

Shaila alirudi kabla ya mtihani, uso unang'aa, sauti imetangulia mwili. "Mjomba! Ile sura ya katikati nimeivuka! Na tazama." Akatoa kitabu mkobani. Kilikuwa na jalada jipya la plastiki, na kingo zake zilikuwa nyeupe, zimenyooka kama wembe. "Si uliniambia nikitunze? Nimekipeleka kwa mjomba wa mashine jana. Kilikuwa na madoa hayo!"

Torab alikipokea kwa mikono miwili. Akakiinua usawa wa jicho. Akakileta puani kidogo. Kilinukia plastiki.

"Kimependeza," akasema. "Umekitunza. Nenda ukafaulu, mama."

Msichana alipoondoka, mzee alitembea hadi kwenye mashine ya Shukur na kupiga magoti bila salamu, akaanza kuchambua vipande vilivyotapakaa chini. Vyeupe, vyeusi, vya kijivu, vyeupe.

"Kaka, umepoteza nini?" Shukur akazima mashine. "Kama ni za jana, mnunuzi wa mabaki kabeba magunia yote asubuhi."

"Kulikuwa na kitabu cha kijani."

"Ah, kile cha yule binti? Nakikumbuka. Ukingo wa manjano kama umechovywa. Nilikata mara mbili ndipo rangi ikatoka." Shukur akacheka. "Watu wanasomea jikoni siku hizi. Ulikuwa mchuzi, eti?"

Torab alibaki amepiga magoti, konzi imejaa karatasi nyeupe.

"Ndiyo," akasema. "Ulikuwa mchuzi."