Biskuti za Mwarobaini

Dada yangu ni mwoka mikate hodari. Kwetu ufundi aliuchukua yeye, uzuri na akili vikaniangukia mimi. Krismasi moja aliwaita wanawe watengeneze biskuti zenye alama za majani, ili mama mkwe wake, bingwa wa kununa, amsifu walau mara moja. Watoto wakachuma mwarobaini uani, wakaukandamiza kwenye kinyunga. Majani hakuna aliyeyabandua, yakaokwa humo humo.

Mama mkwe akauma. Uso ukajikunja kama soksi kuukuu.

“Bibi, tamu?” wajukuu wakauliza.

Akameza kwa taabu. “Tamu, wajukuu zangu! Mama yenu fundi.” Kisha akamwinamia dada. “Mkwe wangu, nifungie zilizobaki. Nampelekea jirani yangu, yule mmbeya.”