Mikono Aliyoificha Muzamil

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mlango wa maabara ya mitandao bado umefungwa, na Shamimu Rajabu amesimama mbele yake akiwakagua wanafunzi kama mteja anayekagua samaki bila kujua wamevuliwa lini. Mmoja mmoja wananawa kwa sabuni kwenye beseni, wanajifuta, wananyoosha mikono. Shamimu anaigeuza, anazitazama kucha, kisha anainama na kuinusa.

"Dada Shamimu, hata mama mkwe hatanichunguza hivi," anasema kijana mmoja, na foleni nzima inacheka.

"Mama mkwe hana swichi za kuharibika," anajibu bila kutabasamu, na kumwashiria apite.

Shamimu ana miaka thelathini na minne. Ni mzaliwa wa Mikindani, na ni fundi sanifu wa maabara katika Chuo Kikuu cha Pwani ya Kusini, mjini Mtwara. Nadharia ya mitandao ya kompyuta hufundishwa ukumbini na mhadhiri Kelvin Lukasi. Vitendo hufanyika humu, na humu mwenye kauli ni Shamimu.

Wanafunzi hukata kebo, wakazipanga nyaya zake nane kwa rangi, wakazibana kwenye plagi kwa koleo, kisha wakaunganisha mashine. Kila ruta mezani imebandikwa jina la mahali: Shangani, Mtawanya, Kitaya. Anayefaulu ni yule ambaye ujumbe wake unatoka Kitaya na kufika Shangani bila kupotea njiani.

"Hii ni kazi ya watu wenye shaka," anasema huku akiwasha testa, kile kidude chenye taa kinachoonyesha kama kebo ni nzima. "Kebo hata iwe mpya, huiamini. Unaipima. Ikikubali, unaipima tena."

Shaka hiyo hakuipata chuoni, alikuja nayo. Shangazi yake Halima, muuza korosho za kukaanga wa Mikindani aliyemlea, anasema tangu utoto mpwa wake alikuwa akipewa sukari anaionja kwanza, asije akawa amepewa chumvi.

"Huyu hata salamu anaipima," anasema Halima. "Ukimwambia habari za asubuhi, anakutazama kwanza unataka nini."

Watu hucheka, na Shamimu mwenyewe hucheka. Ila mwaka jana shaka hiyo ilivuka mpaka, na mtoto wa watu akaondolewa chuoni kwa aibu.

Mambo yalianza Oktoba. Kebo ambazo wanafunzi walizitengeneza Alhamisi, zikapimwa na taa zote zikawaka, Jumatatu zilikuwa zimekufa. Hazikukatwa wala kugugunwa na panya. Wiki iliyofuata ikawa vile vile. Shamimu akaona jibu ni moja tu: yuko mtu anazichukua nzima, anauza mjini kwa wenye maduka ya intaneti, na mahali pake anarudisha mbovu.

Ana sababu ya kuwa mkali. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, mshahara ni shilingi laki nne na nusu kwa mwezi, na kitu kikipotea maabara wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo.

Alianza na mlinzi, akamwona haingii ndani. Akahamia kwa mfanya usafi. Hata Mwalimu Kelvin alimshuku, kwa kuwa alikuwa akiomba vifaa vipya kila kikao. "Nilimwona mtu mwenye haja na vitu vyetu kuharibika," anasema. Kelvin, aliyekuwa akisikiliza pembeni, anakohoa kidogo.

"Mimi hayo ndiyo nayasikia leo," anasema mhadhiri.

Kisha macho ya Shamimu yakatua kwa Muzamil.

Muzamil Abeid, mwana wa wakulima wa Kitaya kule mpakani, kando ya Mto Ruvuma, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, hodari na mkimya. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Ila akimaliza kubana kebo, mikono yake huingia mfukoni. Akipewa chaki, huipokea kwa ncha za vidole. Siku moja Shamimu alimkuta akiifuta plagi kwa pindo la shati, na kijana alipoona ameonekana, aliiweka chini haraka.

"Nikasema, mtu anayeficha mikono anaficha nini? Panapofuka moshi pana moto," anasema Shamimu. Na kebo zilizokufa, alipozifuatilia, nyingi zilikuwa zimepita mikononi mwa Muzamil.

Hakumwita faragha. Alisimama katikati ya darasa, Alhamisi, akamwambia atoe mikono mfukoni na aeleze anapeleka wapi kebo za chuo. Muzamil hakuitoa. Mtu akaguna "mwizi," na neno lile likazunguka chumba kizima kabla Kelvin hajafika.

Shamimu aliandika taarifa. Kamati ya nidhamu ikamrudisha kijana Kitaya kusubiri uamuzi, na mtihani wa vitendo wa Desemba ukafanyika bila yeye. Kama angepatikana na hatia, safari yake ya chuo ingeishia hapo.

Mahali hapo ndipo mtu mwingine angekunja mikono. Lakini mwenye shaka hana likizo. Shamimu alinunua kufuli lake mwenyewe, akazifungia kabatini kebo zilizotengenezwa Alhamisi hiyo, zote zikiwa zimepimwa na kukubali. Jumatatu akafungua. Kadhaa zilikuwa zimekufa.

"Nilikaa chini," anasema. "Mwizi yuko Kitaya, ufunguo ninao mimi, na kebo bado zinakufa. Basi nikajishuku na mimi."

Alichukua plagi moja iliyokufa akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Juu ya vile visahani vya dhahabu vinavyopitisha umeme palikuwa na utando mwembamba wa kahawia, mgumu, kama vanishi. Aliukwangua kwa ukucha. Pembeni bado ulikuwa unanata, akaufikicha kwa vidole bila kuwaza. Jioni, kidole kilianza kumwasha. Kesho yake ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi, inababuka.

Ilikuwa siku ya kumtembelea shangazi. Halima alikitupia jicho kidole kile mara moja tu.

"Umebangua korosho bila kupaka majivu?" aliuliza.

Kwa msomaji wa mbali: ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza, na hata hivyo vidole hubaki na madoa na kunata kwa siku kadhaa. Oktoba hadi Desemba ni msimu. Watoto wa vijijini wanalijua doa hilo kabla ya kujua kusoma. Shamimu ni mtoto wa mjini, ambaye korosho alizijua zikiwa tayari nyeupe, ndani ya sinia la shangazi.

Mafuta yale yakiwa mabichi, plagi ikisukumwa huyapenya na umeme hupita. Yakikaa siku mbili tatu hukauka, yakaziba. Hapakuwa na mwizi. Walikuwapo wanafunzi waliobangua korosho jioni, wakaja asubuhi kubana kebo. Walikuwa kadhaa, na aliyebangua kila siku alikuwa Muzamil, aliyefanya kazi hiyo kwenye nyumba aliyopanga chumba kule Mtawanya ili apate chakula chake.

Shamimu anasema usingizi ulimkimbia. Asubuhi alimfuata Kelvin, na wawili hao wakaenda kwenye kamati.

Huko hakupokelewa kwa vigelegele. Mjumbe mmoja alimtazama kwa muda, akauliza, "Juzi ulituandikia ni mwizi. Leo unamtetea. Mmekubaliana nini na huyo kijana?"

"Lilikuwa swali langu lile," anasema Shamimu. "Ningekuwa mimi nimekaa kiti kile, ningeuliza hivyo hivyo. Nikajua sasa linavyouma."

Kelvin alichukua kebo iliyokufa, akaipima mbele yao. Taa hazikuwaka. Akaisugua plagi kwa pamba yenye spiriti, akaipima tena. Taa zote nane zikawaka moja baada ya nyingine. Kamati ilimsafisha Muzamil siku hiyo hiyo na kuagiza apewe mtihani maalumu.

Ila ilimsafisha ofisini, milango imefungwa, na darasani neno lilibaki pale pale.

Muzamil hakurudi. Simu alipokea, akajibu kwa adabu, akaomba muda. Mwezi uliopita Shamimu alifunga safari hadi Kitaya. Alimkuta akipalilia mihogo na mama yake, Mwanahawa. Alipiga goti, akaomba radhi.

"Ungeniuliza pembeni, dada, huenda ningekuambia," Muzamil alimwambia. "Huenda nisingekuambia. Wenzangu wanakuja na laptopu zao. Mimi nilikuja na mikono hii."

Aliitoa ili aione. Ilikuwa na makovu meupe mpaka kwenye viganja. Shamimu anasema aliitazama akalia, wala haoni haya kulisema hilo gazetini.

Mama hakulia. Alimkaribisha kitini, akampa maji, akamsubiri anywe.

"Mwanangu alivunjiwa heshima mbele ya watu," alisema Mwanahawa. "Wewe umekuja kuomba radhi shambani, kwenye mihogo. Mihogo haikumwita mwizi."

Shamimu aliporudi alimwomba Kelvin dakika chache za kipindi cha Jumatatu ijayo, siku ambayo Muzamil amepangiwa mtihani wake. Atasimama pale pale aliposimama mwaka jana, mbele ya darasa lile lile, aseme aliyoyasema na kwamba yalikuwa uongo. Amemtumia Muzamil ujumbe. Amejibiwa kwamba atakuja kusikiliza, na mama yake atakuja naye. Kama atabaki kusoma, hilo ataamua akishasikia.

Chuo hakijamtaka Shamimu afanye hivyo. Mtu mmoja wa utawala amemshauri aliache, mkataba wake unakaribia kujadiliwa na si vizuri fundi kutangaza kosa lake.

Nilimuuliza kama ameacha kushuku watu. Aliniangalia kama ndiyo kwanza ananiona, akauliza nani amenituma niulize hilo. Kisha akalegea.

"Sijaacha. Kesho plagi ikifa nitashuku tena. Ila mtu si plagi, humpimi mbele ya watu."

Na Muzamil akisikiliza Jumatatu, kisha akaamua kwenda zake?

Shamimu anafungia koleo kwenye droo.

"Asipotaka kubaki, nitamfungulia mlango mimi mwenyewe," anasema. "Lakini hatatoka humu akiwa mwizi."